Betri gani inafaa kuendesha sona na taa kwenye kayaki ya kuvulia? Yangu inazima saa mbili na nusu asubuhi

#1 Mshipi_wa_Kilifi

Wakuu, salaam. Ninavua kwa kayaki ya kukalia juu hapa Kilifi. Hutoka alfajiri wakati maji yanakupwa, nikasaidiwa na mkondo kupita mlango wa hori hadi ukingo wa mwamba, pale kina kinapoporomoka ghafla, na hapo ndipo ninapowatafuta kolekole. Kazi hiyo naitegemea sona (mashine inayopima kina na kutafuta samaki kwa mawimbi ya sauti) ya skrini ya inchi 5 yenye ramani ndani yake, kwa sababu macho ya mtu aliyekaa kwenye kayaki hayafiki hata mita moja juu ya maji, na mawimbi ya Kusi yakisimama haoni hata minazi ya pwani.

Sona inalishwa na betri kavu ya volti 12, ampea-saa 7 (yaani ampea moja kwa saa 7), ya aina inayofungwa kwenye kengele za ulinzi. Kitabu cha mashine kinasema inakula ampea 0.7, kwa hiyo nilihesabu saa 10. Miezi minane iliyopita ilikuwa ikinifikisha alasiri. Sasa nikiiwasha saa 12 asubuhi, ikifika saa 2 na nusu skrini inazima. Nikiiwasha tena inakaa dakika chache, inazima. Jumapili iliyopita ilizima nikiwa nje ya mwamba, mvua imeifunika pwani yote, na nilirudi kwa kufuata mlio wa mawimbi yanayovunjika.

Nimeshauriwa mambo matatu: nirudie betri ileile, ninunue ya lithiamu fosfeti ya ampea-saa 10 ambayo bei yake ni karibu mara nne, au nimpe fundi aniundie moja kwa seli za kompyuta za mapajani. Nataka pia kuongeza taa na kuchaji simu. Nichukue ipi?

#2 Hesabu_Kwanza

Pole kwa Jumapili hiyo, mkuu. Kabla ya kuchagua betri, andika matumizi yako yote kwenye karatasi. Sona ya ampea 0.7 kwa saa 8 ni ampea-saa 5.6. Taa ndogo ya LED ya ampea 0.2 kwa saa mbili za giza ni 0.4. Simu ikichajiwa kwa wati 10 kwa saa mbili, pamoja na kinachopotea kwenye kigeuzi cha kushusha volti, ni kama ampea-saa 2. Jumla ni 8.

Betri ya risasi na asidi, kama hiyo yako, haipendi kukamuliwa zaidi ya nusu ukitaka idumu, kwa hiyo ampea-saa 8 za matumizi zinadai betri ya 16 au zaidi, na iliyo karibu dukani ni ile ya 18, yenye uzito wa kilo 5 na ushei. Lithiamu fosfeti unaweza kuitumia hadi asilimia 80 bila kuiumiza, kwa hiyo ya ampea-saa 10 inatosha barabara, na uzito wake ni kilo moja na robo hivi. Hata ile 7 iliyoandikwa kwenye betri yako imepimwa kwa kuimaliza polepole kwa saa 20, yaani ampea 0.35 tu. Wewe unaivuta mara mbili ya hapo, kwa hiyo saa 10 hazikuwepo tangu mwanzo.

#3 Fundi_wa_Mtwapa

Hesabu za #2 ni sahihi, lakini hazielezi kwa nini betri iliyofika alasiri miezi minane iliyopita leo inakufa saa mbili na nusu. Mimi nashuku chaja. Betri hizo za kengele zimeundwa kukaa zikisubiri umeme ukatike, na ubavuni mwake kwa kawaida kuna maandishi mawili: volti 13.5 hadi 13.8 kwa matumizi ya kusubiri, na volti 14.4 hadi 15 kwa matumizi ya kila siku ya kujaza na kumaliza. Ukiichaji usiku mmoja kwa chaja ya volti 13.6 haijai kamwe, na kila safari salfeti, ile chumvi ya risasi, inazidi kuganda kwenye mabamba ya ndani mpaka nafasi ya kuhifadhi umeme inakuwa ndogo.

Ichaji, iache ipumzike usiku kucha bila kufungwa kitu, kisha ipime kwa mita. Ikisoma 12.7 au 12.8 imejaa. Ikisoma 12.4 haijajaa. Ikishuka karibu na 12.0, kilichobaki ni robo tu. Tuletee jibu.

#4 Mizani

Fundi, kwa heshima, umeruka jambo la kwanza kabisa. Zimejaa betri zenye jina la ampea-saa 7 ambazo ndani hazina risasi ya kutosha. Risasi ni nzito na haina njia ya kujificha: betri ya kweli ya ukubwa huo huwa na kilo 2 na zaidi kidogo. Mshipi, wewe ni mvuvi, mizani unayo. Itundike kwenye ndoano kama unavyomtundika changu, utuambie.

#5 Mshipi_wa_Kilifi

Ahsanteni. Nimefanya yote mawili. Baada ya kupumzika usiku mzima betri inasoma volti 12.4. Nimeitundika kwenye mizani ya samaki kwa mfuko wa wavu, na imesoma kilo 1 na gramu 700, nikarudia mara tatu.

#6 Mizani

Basi gramu 300 za risasi hazikuwahi kuwemo.

#7 Fundi_wa_Mtwapa

Na volti 12.4 zinasema haikujazwa. Uzito mdogo ungeifanya iishie saa 8 mchana badala ya alasiri tangu siku ile ya kwanza. Haungeifanya iishi vizuri miezi kadhaa kisha ianguke.

#8 BintiPangani

Ndugu zangu, mnabishania betri peke yake na hakuna aliyemwuliza kuhusu waya. Mimi navua kwenye mlango wa mto Pangani, na mwaka jana nilinunua betri mbili kwa kufuata ushauri wa namna hii, zote mbili zikafanya vilevile: sona inazima, ukiiwasha inakaa kidogo, inazima. Siku moja nilikata ngozi ya waya mwekundu karibu na kishikio cha fyuzi. Shaba ilikuwa nyeusi kwa urefu wa kidole, na nilipoipinda ikavunjika kama kijiti cha mshumaa, ikatoa unga wa kijani. Chumvi ilikuwa imepanda ndani ya waya kwa kufyonzwa, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Muunganiko wa namna hiyo hupitisha umeme kidogo, lakini sona inapoongeza mwanga wa skrini au nguvu ya kupiga mawimbi ya sauti, volti zinashuka chini ya 10 na mashine inajizima ikidhani betri imekwisha.

Nilibadilisha waya wote kwa waya wa mashua uliopakwa bati, nikalehemu viungo, nikavivisha mpira unaojikaza kwa moto na kupaka grisi. Betri niliyotaka kuitupa naitumia mpaka leo.

Mshipi, pima volti kwenye plagi ya sona ikiwa inafanya kazi, siyo kwenye vichwa vya betri ikiwa imelala mezani. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo itakayosema.

#9 Nanga_Nzito

Nakubaliana na dada wa Pangani, na naongeza kwamba lazima atumie waya mnene sana, angalau wa milimita 6 za mraba, la sivyo volti zitapotea njiani.

#10 Hesabu_Kwanza

Hapana, Nanga. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba una ukinzani wa kama omu 0.012 kwa kila mita. Kwenye kayaki umbali wa kutoka betri hadi sona ni mita 2, kwenda na kurudi 4, na kwa ampea moja kinachopotea ni volti 0.05. Unene huo wa milimita 6 ni wa mtu mwenye mota. Kinachomwangusha mvuvi ni kutu kwenye viungo, na waya mnene uliooza haumsaidii.

#11 Karabai_Mwanza

Kutoka Ziwa Victoria. Wavuvi wa dagaa huku wengi waliacha karabai za mafuta ya taa wakahamia taa za LED zinazolishwa na betri, kwa hiyo tunaijua tabia ya betri kwenye maji, ingawa yetu hayana chumvi. Mimi kwenye kayaki niliachana na betri kabisa. Natumia pawabanki ya mili-ampea-saa 20,000 yenye tundu linalotoa volti 12, nayo ni ampea-saa 20, karibu mara tatu ya betri ya Mshipi, kwa uzito usiofika nusu kilo.

#12 Hesabu_Kwanza

Kaka Karabai, hapo kuna kosa ambalo wengi huliingia. Zile 20,000 zimehesabiwa kwa volti 3.7 za seli zilizo ndani, siyo kwa volti 12. Zidisha 3.7 kwa 20 upate wati-saa 74, kisha gawa kwa 12: ni ampea-saa 6 na kidogo, na kigeuzi kikichukua sehemu yake hubaki 5 au 5 na nusu.

#13 Karabai_Mwanza

Nimekuelewa, na nashukuru kwa kunisahihisha. Lakini kwa hesabu hiyohiyo sona ya ampea 0.7 inakwenda saa 7 na zaidi, ndiyo maana mimi sijawahi kuzimikiwa. Jibu langu bado linasimama hata kama namba yangu imeanguka.

#14 BintiPangani

Linasimama ziwani. Kwenye chumvi, tundu la pawabanki ndilo la kwanza kuoza, hata ukiifunga ndani ya mfuko, kwa sababu waya lazima utokee mahali fulani.

#15 Mzee_wa_Demani

Mimi nimevua tangu enzi za ngalawa, na kayaki nimenunuliwa na mwanangu. Nasema abaki na betri ya risasi. Gaston Planté aliiunda Ufaransa mwaka 1859 na mpaka leo inawasha magari duniani kote. Kila fundi anaijua, kila duka linayo, na ikifa inanunuliwa kwa kilo. Hiyo lithiamu ni mgeni ambaye bado hatujamjua tabia, na tunasikia inavyounguza nyumba.

#16 Saloti_Muscat

Shikamoo mzee wangu. Niruhusu nitofautishe, kwa sababu lithiamu siyo kitu kimoja. Zile za simu na kompyuta nyingi zina kobalti au nikeli, na zikipata joto kupita kiasi kemikali yake huachia oksijeni, ndiyo maana moto wake huwa mgumu kuzima. Katika lithiamu fosfeti, oksijeni imefungwa kwa nguvu na fosforasi, haiachii kwa urahisi. Wala siyo mgeni sana: kundi la John Goodenough, Chuo Kikuu cha Texas, liliichapisha mwaka 1997, na Goodenough alipata Nobel ya kemia mwaka 2019 pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino kwa kazi yao ya betri za lithiamu.

Mimi navua kwa kayaki hapa Oman na ninayo ya ampea-saa 12, mwaka wa nne huu. Faida kubwa niliyoiona ni kwamba volti zake hazitelemki taratibu. Inakaa 13 na kitu karibu safari nzima, kwa hiyo sona haipati sababu ya kujizima. Hasara ni hiyohiyo: ukipima volti huwezi kujua imebaki kiasi gani, na siku inapokwisha bodi ya ulinzi iliyo ndani inakata ghafla, giza, bila onyo. Mimi hufuata saa.

Jihadhari na mambo mawili. Chaja iwe ya kwake, inayoishia volti 14.6, maana chaja nyingine za betri za risasi zina hatua ya kupandisha volti juu zaidi ili kuvunja salfeti. Na usiichaji ikiwa moto. Betri nyingi za aina hii zinakataza kuchajiwa juu ya nyuzi 45, na huku kiangazi, ndani ya gari lililofungwa, joto hilo linafikiwa asubuhi tu.

#17 Mzee_wa_Demani

Marahaba, mwanangu. Umeeleza vizuri na nimefuata. Ila uliposema inakata giza bila onyo ndipo hasa ninapoogopa. Betri ya risasi ikichoka humwambia mwenyewe: taa inafifia, skrini inafifia, mtu anageuza omo, mbele ya chombo, kurudi. Jumapili ile, Mshipi angepewa nusu saa ya kujiandaa angerudi akiwa anaona njia.

#18 Mshipi_wa_Kilifi

Mzee, yangu ni ya risasi na haikuniambia kitu.

#19 Barafu_Minnesota

Ninaishi Minneapolis na kiangazi navua kwa kayaki kwenye maziwa ya huku. Desemba nakuja nyumbani Mombasa na ninaweza kumletea betri, ila aelewe masharti ya ndege, kwa sababu mwaka jana niliacha moja uwanjani. Betri ya lithiamu ya akiba inakwenda kwenye mkoba wa mkononi tu, siyo kwenye sanduku linalopakiwa chini. Hadi wati-saa 100 haina shida, kati ya 100 na 160 unaomba idhini ya shirika la ndege, na zaidi ya 160 haipandi ndege ya abiria. Zidisha volti 12.8 kwa ampea-saa: ya 7 ni 89.6, inapita, ya 10 ni 128, inaomba idhini, ya 20 ni 256, haiendi.

Huku tuna tabu iliyo kinyume cha ile ya Muscat: betri hizi haziruhusiwi kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri, kwa sababu lithiamu huganda juu ya elektrodi badala ya kuingia ndani yake.

#20 Nanga_Nzito

Na ile ya fundi ya seli za kompyuta? Mbona hakuna aliyeigusa? Ndiyo rahisi kuliko zote.

#21 Fundi_wa_Mtwapa

Naigusa mimi, kwa sababu nimeziunda nyingi na nimeacha. Seli tatu kwa mfululizo zikijaa ni volti 12.6, lakini zinashuka haraka, na sona inayojizima kwenye volti 10 inaziacha na umeme ambao haitaweza kuutumia. Seli nne zikijaa ni volti 16.8. Sona nyingine zimeandikwa volti 10 hadi 20, nyingine zinaishia 17, kwa hiyo mtu asome kitabu cha mashine yake kabla ya kuchomeka. Zaidi ya hayo, seli zilizotolewa kwenye kompyuta mbovu hazilingani umri, moja ikichoka nyingine zinailazimisha, na kama bodi ya ulinzi ni duni, joto linaanzia hapo. Mteja wangu mmoja aliniletea kasha lililoyeyuka upande mmoja. Lilikuwa limekaa miguuni pake, ndani ya kayaki, mbali na nchi kavu. Tangu siku hiyo sijaunda nyingine.

#22 Nanga_Nzito

Hata ya risasi ikizama kwenye maji ya chumvi hulipuka.

#23 BintiPangani

Hailipuki, Nanga, ingawa hatari ipo. Vichwa vya betri vilivyo wazi vikiguswa na maji ya bahari, umeme hupita katikati ya maji na kuyachambua: upande mmoja hutoka haidrojeni, upande wa pili klorini. Mimi niliingiwa na maji kwenye kasha, nikafungua mfuniko nikapigwa na harufu kali kama ya dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, macho yakanichoma, na kichwa cha chanya kilikuwa kimeliwa nusu. Kwa hiyo betri iwe ya aina yoyote, vichwa vyake vifunikwe, kasha lisipitishe maji, na fyuzi ya ampea 3 ikae karibu kabisa na chanya, siyo kule kwenye sona.

#24 Mzee_wa_Demani

Na ikae wapi? Niliiweka ya kilo 5 nyuma, kwenye tezi, omo ikanyanyuka na matlai yakawa yananigeuza kila nikipumzisha kasia. Nilipoihamishia katikati, mbele kidogo ya kiti, kayaki ikatulia.

#25 Kasia_Moja

Swali dogo kwenye uzi huu: nikifunga mota ya umeme, betri ya sona itatosha?

#26 Hesabu_Kwanza

Hapana. Mota ndogo ya msukumo wa ratili 30 hula ampea karibu 30 ikifunguliwa yote, mara arobaini na zaidi ya sona ya Mshipi. Hiyo inataka betri yake peke yake, na usiiunganishe na ya sona.

#27 Mshipi_wa_Kilifi

Narudi na majibu ya wiki mbili. Kwanza, nilipima kama alivyosema BintiPangani: kwenye vichwa vya betri 12.1, kwenye plagi ya sona 11.2, mashine ikiwa inafanya kazi. Nilifungua kishikio cha fyuzi nikakuta chemchemi ndogo ya ndani imekuwa ya kijani. Nimebadilisha waya wote, na betri ileile ikanipeleka saa 4 badala ya saa 2 na nusu za safari. Pili, nilipima chaja: volti 13.6, sawasawa na alivyotabiri Fundi. Tatu, Mizani naye hakukosea, kwani betri nyingine ya aina hiyo niliyoikuta kwa jirani ina kilo 2 na gramu 100.

Jirani mwingine ameniazima lithiamu fosfeti ya ampea-saa 10. Nilitoka saa 12 alfajiri nikarudi alasiri na sona ikiwaka. Lakini jambo jipya limezuka: nikiwa kwenye kina cha mita 40, skrini ilijaa mistari ya wima kama mvua, na alama za samaki zikapotea ndani yake. Kwenye betri ya zamani sikuwahi kuiona.

#28 Fundi_wa_Mtwapa

Ulikuwa unachaji simu?

#29 Mshipi_wa_Kilifi

Ndiyo, kwa mara ya kwanza.

#30 Fundi_wa_Mtwapa

Basi ni kigeuzi cha simu. Vile vya bei nafuu hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde na kelele yake inarudi kwenye waya uleule unaolisha sona. Simu ipe pawabanki yake, na hapo Karabai atakuwa amepata sehemu yake ya haki.

#31 Saloti_Muscat

Inawezekana, lakini angalia pia waya mpya ulivyopita. Ukiufunga pamoja na waya wa transdusa, kile kifaa cha sona kinachotuma na kupokea sauti majini, kwenye kifurushi kimoja, kelele inaruka kutoka mmoja hadi mwingine hata bila simu. Mimi nilivitenganisha, umeme ubavu wa kushoto, transdusa ubavu wa kulia, mistari ikaisha.

#32 Mizani

Au kuna kayaki au mashua nyingine karibu yenye sona ya masafa yaleyale. Kelele ya namna hiyo huja na kuondoka.

#33 Mshipi_wa_Kilifi

Hakukuwa na mtu karibu isipokuwa ngalawa mbili, na hazina sona. Waya nimeufunga pamoja kweli, kwa vibanio vya plastiki, nikidhani ndiyo nadhifu. Kesho ni maji mafu, mkondo utakuwa mdogo. Nitakaa juu ya mwamba uleule wa mita 40, nitaanza bila simu, nitachomeka simu, kisha nitakata vibanio nikiwa palepale, na kila hatua nitaipiga picha.

#34 BintiPangani

Chukua na ile betri ya zamani kama akiba, vichwa vimefunikwa. Na mita uiweke ndani ya mfuko mkavu.